Wasiojibiwa Wakae Wapi?

Sidhani kama katika makanisa ya mwambao wa Kigoma kuna habari ya Injili inayohubiriwa mara nyingi kuliko ile ya Simoni Petro na wenzake, waliokesha wakivua bila kupata kitu, kisha wakaambiwa watweke mpaka kilindini na kuzishusha nyavu, wakapata samaki wengi hata nyavu zikaanza kukatika. Sababu ya kupendwa kwake iko wazi. Msikilizaji wa Kibirizi au wa Katonga hahitaji kuelezwa kurudi na chombo kitupu ni nini. Anayajua mafuta ya injini yaliyoungua bure, anawajua vijana waliovuta wavu hadi alfajiri na ambao watadai chochote cha kupeleka nyumbani, na anamjua mwenye mtumbwi anayesubiri mwaloni huku akipiga hesabu ya hasara. Mhubiri anapofika kwenye nyavu zilizojaa, kanisa zima huwa limesimama, na katika maombi yanayofuata kila mtu hutaja wavu wake: biashara, ndoa, mtoto, kiwanja, kesi, ugonjwa.

Kuhubiriwa kwa habari hiyo hakunisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba huwa inakatwa kabla haijaisha. Luka anasema kwamba Petro, alipoona wingi wa samaki, alianguka magotini pa Yesu akamwomba aondoke kwake kwa kuwa yeye ni mtu mwenye dhambi. Na kwamba walipokwisha kuegesha vyombo pwani, watu wale waliacha vyote wakamfuata. Vyote, maana yake na samaki wamo. Sijawahi kusikia mahubiri yanayouliza shehena ile ilichukuliwa na nani, ingawa kwa mtu aliyekulia mwaloni hilo ndilo swali la kwanza. Mavuno waliyoyatamani usiku kucha yalipofika, yaligeuka kuwa jambo dogo mbele ya Yule aliyekuwa ameketi ndani ya chombo, na huyo alikuwa ameingia chomboni wakati nyavu zingali tupu zikioshwa ufukweni. Mtu akiusoma mwisho huo kwa makini atapata shida kuendelea kufundisha kwamba kuwapo kwa Mungu kunapimwa kwa uzito wa wavu.

Hata hivyo ndivyo tunavyofundisha, na mahali tunapofundishia hivyo kwa nguvu zaidi si mimbarani. Ni katika kipindi cha ushuhuda. Yeyote anayeabudu katika makanisa yetu ya kiroho, na siku hizi hata katika baadhi ya makanisa ya zamani, anaujua utaratibu wake: mtu husimama mbele, husalimu kwa jina la Bwana, hueleza haja aliyokuwa nayo, husema alifunga siku kadhaa au alihudhuria mkesha, kisha hueleza jinsi Mungu alivyotenda. Kanisa hushangilia, na mara nyingi sadaka ya shukrani hufuata. Ni jambo jema, na siwezi kulibeza, kwa maana mtu aliyepona ana haki ya kusema amepona. Lakini tazama nani hasimami. Hasimami mama aliyeomba mimba kwa miaka na ambaye umri sasa umempita. Hasimami baba ambaye mtoto wake alilazwa hospitali ya Maweni, akaombewa na kanisa zima kwa jina, kisha akafa. Hasimami kijana ambaye kila mwezi Januari hutabiriwa ajira na kila mwezi Desemba hana cha kusimulia. Watu hawa wamo kanisani, wanapiga makofi kwa ajili ya wengine, na hakuna dakika hata moja katika ibada iliyotengwa kwa ajili ya habari yao.

Kwa kuwa habari yao haina nafasi, huwa inatafutiwa maelezo. Nimeyasikia maelezo ya aina tatu, na msomaji bila shaka ameyasikia pia. La kwanza ni imani haba: aliomba, lakini aliomba kwa mashaka. La pili ni dhambi iliyofichwa: kuna jambo hajaliungama. La tatu, ambalo limepata nguvu sana katika miaka ya karibuni, ni laana ya ukoo: babu au bibi alifanya agano fulani, na mpaka lifunguliwe milango haitafunguka. Maelezo haya hutofautiana kwa mengi, lakini yanakubaliana katika jambo moja, nalo ni kwamba kosa liko kwa mwombaji. Mungu hana la kuulizwa, mchungaji hana la kuulizwa, na mafundisho yenyewe hayana la kuulizwa; aliyeomba bila kujibiwa anaongezewa hatia juu ya haja aliyokuwa nayo tangu mwanzo. Mama mmoja wa Mwanga aliniambia kwamba aliacha kwenda katika maombi ya Jumatano wala hakuwa amemwacha Mungu, alichoka kuchunguzwa.

Msimamo wangu katika makala haya ni kwamba desturi hii haina msingi katika Maandiko inayodai kuyatetea, na kwamba inawanyima wahitaji kitu kile kile walichokuja kukitafuta, yaani kuwa mbele za Mungu wakiwa na haja yao mikononi, ikiwa bado haijatimizwa.

Tuanze na Zaburi, kwa kuwa ndicho kitabu cha sala cha Wakristo wote, wa Misa na wa mkesha. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni malalamiko. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Mungu hata lini atamsahau mtumishi wake, na inarudia swali la «hata lini» mara nne katika mistari miwili. Zaburi ya 22 inaanza na kilio ambacho Yesu alikirudia msalabani. Zaburi ya 88 ni kali kuliko zote, kwa sababu wakati nyingine nyingi za aina yake humalizika kwa kugeukia sifa, yenyewe haigeuki. Inaanza kwa kulia mchana na usiku na inaishia katika giza. Wale waliozikusanya zaburi hawakuitoa, wala hawakumwandikia mtunzi wake mistari miwili ya ushindi ili asiwavunje wengine moyo. Waliona kwamba mtu anayemlalamikia Mungu bado anazungumza na Mungu, na kwamba ibada ya kweli ina nafasi kwa mtu kama huyo.

Ayubu naye hutajwa sana mimbarani, lakini hutajwa kwa sura ya kwanza na ya mwisho: alipoteza vyote, akarudishiwa maradufu. Zaidi ya sura 30 zilizo katikati, ambamo anabishana, anatamani asingezaliwa, na analalamika kwamba akienda mbele Mungu hayuko na akirudi nyuma hamwoni, huwa zinarukwa. Marafiki zake watatu ndio hasa waliokuwa na mafundisho yetu ya leo. Walikuwa na hakika kwamba mateso yana sababu na kwamba sababu iko ndani ya mteswaji. Kwa hiyo kazi yao ilikuwa kumsaidia kuitafuta dhambi yake. Mwishoni mwa kitabu Mungu anawakasirikia wao, akisema kwamba hawakunena yaliyo sawa juu yake kama alivyonena Ayubu. Hili ni jambo zito ambalo viongozi wa maombezi wangepaswa kulitafakari kabla ya kumwekea mtu mikono: inawezekana kumtetea Mungu kwa maneno mazuri na bado ukawa umemsingizia.

Katika Agano Jipya mambo hayawi mepesi zaidi. Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, akaambiwa kwamba neema yamtosha. Hakuambiwa aongeze imani, wala hakutafutiwa laana ya kabila la Benyamini. Na pale Gethsemane, Mwana mwenyewe aliomba kikombe kimwepuke na hakikumwepuka. Ikiwa kutojibiwa ni dalili ya imani haba au dhambi, basi tumeingia katika shimo ambalo hakuna mkatekista atakayeweza kututoa. Lakini katika Gethsemane kuna jambo jingine ambalo kwangu lina uzito sawa na sala yenyewe. Kabla ya kwenda mbele kidogo na kuanguka kifudifudi, Yesu aliwaomba wanafunzi watatu aliokwenda nao wakae pale na kukesha pamoja naye. Hakuwaomba wamweleze kwa nini. Hakuwaomba hata wamtoe katika hatari. Aliomba wasilale, na katika hilo dogo walishindwa.

Ndugu zetu Waislamu, ambao kwa Kigoma Ujiji ni majirani na mara nyingi ni jamaa wa ukoo mmoja nasi, wanalo hazina kubwa katika jambo hili, na nadhani wakati mwingine wanalitunza vizuri kuliko sisi. Qurani inamweleza Nabii Yaakub, aliyempoteza Yusuf kwa miaka mingi, akilia mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, na bado akishika subira njema. Wanawe walipomlaumu kwa kutoacha kumkumbuka mwanawe, aliwajibu kwamba anamshitakia Mwenyezi Mungu huzuni yake. Subira yake haikuwa kunyamaza. Alijua tu wapi pa kupeleka mashitaka. Yako pia mafundisho ya Mtume Muhammad yanayojulikana sana katika darasa za misikitini, kwamba dua ya mja hujibiwa maadamu hana haraka, na haraka hiyo ikafafanuliwa kuwa ni kusema, «nimeomba, wala sikujibiwa», kisha akaacha kuomba. Anayeyasoma mafundisho haya vizuri ataona kwamba onyo lake ni juu ya kuondoka, na ndiyo maana nasema kwamba jumuiya inayomfanya asiyejibiwa aone aibu kubaki inafanya kazi ya kumsukuma mlangoni.

Mkoa jirani wa Tabora, ambao reli ya kati imetuunganisha nao tangu mwaka 1914, una mfano wa ombi lisilojibiwa ambao tarehe yake inajulikana. Aliyeomba ni David Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti, ambaye anakumbukwa hapa kwetu kwa habari ya Ujiji. Alifika Ujiji mwaka 1871 akiwa amedhoofika, akakuta mali aliyotumiwa kutoka pwani imekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa, akaandika katika shajara yake kwamba amekuwa kama yule mtu aliyeshuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, ila yeye hakuwa na tumaini la kuhani, Mlawi wala Msamaria mwema kupita njia ile. Siku chache baadaye mwandishi wa habari Henry Morton Stanley akatokea na chakula, dawa na barua. Ni ushuhuda uliokamilika, na mahali pake pana mnara na makumbusho, na wageni hupelekwa hapo kabla hawajapelekwa kwingine.

Lakini shajara haikuishia Ujiji. Wawili hao walikwenda pamoja hadi Unyanyembe, na tarehe 14 Machi 1872 Stanley akaondoka kurudi pwani, akimwacha Livingstone katika tembe la Kwihara, karibu na mji wa Tabora, akisubiri wapagazi. Tarehe 19 Machi, siku aliyotimiza miaka 59, aliandika sala fupi: alijitoa upya kwa Yesu, kisha akamwomba Baba amjalie kuimaliza kazi yake kabla mwaka ule haujaisha. Kazi aliyoikusudia ilikuwa kukipata chanzo cha Mto Nile. Mwaka uliisha na kazi haikuisha. Wapagazi walifika Agosti, akaelekea kusini, akaingia katika vinamasi vya Bangweulu akiwa anatokwa damu, na mapema Mei 1873 akafa katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake walieleza kwamba walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda. Mto aliokuwa akiufuata miaka yote hiyo, Lualaba, haukuwa Nile. Stanley mwenyewe alithibitisha mwaka 1877 kwamba ni Kongo.

Mtu ni yule yule, shajara ni ile ile, na kati ya Ujiji na Kwihara ilipita miezi michache tu. Nani atasema kwamba imani yake ilikuwa kubwa kando ya ziwa ikapungua alipofika Unyamwezini? Ukiangalia alichoandika, ni kinyume: Ujiji aliandika kama mtu aliyekwisha kukata tamaa, akapata; Kwihara aliomba kwa moyo wote, akakosa. Nadharia ya imani haba haina la kufanya na ukweli huu isipokuwa kuufumbia macho, na kwa kiasi fulani sisi sote tumeufumbia macho, kwa kuwa sala ya Ujiji tumeijengea mnara na ile ya Kwihara hakuna anayeikariri.

Mhubiri anayependa miisho mizuri ataniongezea hapa kwamba barua alizobeba Stanley, zenye habari za mauaji ya Julai 1871 yaliyofanywa na wafanyabiashara wa watumwa sokoni Nyangwe, kando ya Lualaba, zilichangia hasira ya umma huko Uingereza, na kwamba Juni 1873, mwezi mmoja tu baada ya kifo cha Livingstone, Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar. Kwa hiyo Mungu alijibu, atasema, ila kwa namna kubwa zaidi. Huenda ni kweli, na mimi mwenyewe ningependa iwe kweli. Lakini njia ile ile ya kutoka Ujiji kupita Tabora hadi Bagamoyo ilikuwa imepitwa na watu wengi waliofungwa minyororo, waliokuwa na lugha zao na majina yao ya Mungu, nao waliomba, kwa maana hakuna mtu anayetembea katika hali ile asiombe. Wengi walikufa njiani wakiwa wanaomba. Mkataba wa 1873 haukuwafikia, na misafara ya bara haikukoma mara moja baada yake. Siwezi kusimama mbele ya kumbukumbu yao na kusema kwamba ombi lao lilijibiwa kwa namna kubwa zaidi. Nina imani kwamba hawakuwa peke yao, na imani hiyo naishika, lakini naishika kama imani. Siigeuzi kuwa maelezo.

Naona ni vema kuutunza mpaka huo, kwa sababu mahali maelezo yanapouzwa kwa bei nafuu, watu wenye haja huumia kwa miili yao. Mwaka 2011 Watanzania kwa maelfu walisafiri hadi Samunge, Loliondo, wakiwamo wagonjwa waliotolewa vitandani, ili wanywe kikombe cha dawa cha shilingi 500. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa mjini Moshi katika msukumano wa kukanyaga mafuta ya upako. Ni rahisi kuwacheka watu hawa ukiwa mzima na una bima ya afya. Mimi siwacheki. Waliokwenda walikuwa na haja za kweli, wengi wao walikuwa wameomba kwa miaka katika makanisa yao ya kawaida bila kuona kitu, na hakuna aliyewaambia kwamba mtu anaweza kuwa na haja isiyotimizwa na bado akawa mahali pake mbele za Mungu. Kilichowasukuma safarini ni kuambiwa, kwa maneno au kwa ukimya, kwamba Mungu yuko mahali majibu yalipo, na kwa hiyo asiyejibiwa hana budi kuhama.

Hapo ndipo nadhani mila yetu ya msiba ina la kuifundisha mimbari. Mtu akifiwa, iwe Kasulu, Buhigwe, Urambo au Sikonge, majirani hawamletei maelezo kwanza. Wanakuja kukaa. Wanaume huota moto nje, wanawake hulala chini mkekani na mfiwa, wengine huchota maji na kukoroga ugali, na neno linalosemwa zaidi ya yote ni «pole», neno ambalo halidai kujua lolote. Mtu anayeanza kuchambua msibani kwa nini marehemu amekufa huonekana hana adabu, na wazee humwita pembeni. Tunajua, kwa desturi iliyotulea, kwamba kuwapo kunatangulia kueleza, na kwamba mara nyingi hakuhitaji kufuatwa na maelezo. Hata marafiki wa Ayubu walilijua hilo mwanzoni: walikaa naye chini siku 7 mchana na usiku bila kunena neno. Kosa lao lilianza walipofungua vinywa.

Tatizo ni kwamba msiba una mwisho wake na matanga huanuliwa, ilhali ombi lisilojibiwa halina siku ya kuanua. Anayesubiri hajafiwa, hivyo hakaliwi. Hajajibiwa, hivyo hashangiliwi. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliovuka ziwa wakikimbia vita, na miaka zaidi ya 25 baadaye ilikuwa bado na watu, wakiwamo waliozaliwa humo na kuzaa humo. Makanisa na misikiti ya kambini yameomba amani ya Kivu kwa muda mrefu kuliko umri wa wanakwaya wao. Nikifikiria waumini wanaoweza kutufundisha kuomba bila kujibiwa, sihitaji kutafuta watakatifu wa mbali. Lakini ni mara chache sana mchungaji wa kambini huitwa mjini kufundisha semina ya maombi. Wanaoitwa ni wale wenye magari.

Nisieleweke vibaya kuhusu neno kuwapo. Uwepo wa Mungu ninaouzungumzia si lazima uwe msisimko, na nadhani tumewadhuru watu kwa kuwafundisha kuutambua kwa machozi, kutetemeka na sauti ya kinanda. Eliya alipoketi chini ya mti jangwani akaomba afe, ombi ambalo tunashukuru halikujibiwa, alichopata kwanza kilikuwa usingizi, mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, mara mbili. Sauti ya utulivu ilikuja baadaye sana, baada ya mwendo wa siku arobaini. Mei 2015, wakimbizi wa Burundi kwa makumi ya maelfu walikwama Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kipindupindu kikawaingia, na meli kongwe ya Liemba ikawa inawasomba kwa awamu kuwaleta Kigoma mjini. Aliyewashikia kikombe cha maji ya chumvi na sukari hakuwa na jibu la kwa nini machafuko. Mwombaji anayengoja kuusikia uwepo moyoni mwake huku akikataa kuuona katika kikombe hicho anautafuta mbali na mahali Maandiko yanapomwelekeza.

Kuna upande wa pili ambao nitaupitia kwa haraka. Si kila ombi lisilojibiwa ni fumbo. Dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika wamepungua kwa sababu ambazo wataalamu wamezieleza kwa miaka: uvuvi uliozidi, zana haramu zinazokokota hata wadogo, na joto la ziwa linaloongezeka, ambalo linazuia maji ya chini yenye rutuba kupanda juu. Ndiyo maana mwaka 2024 uvuvi ulisitishwa ziwani kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Kufanya mkesha wa kuombea nyavu huku kokoro, wavu haramu wa kukokota, limefichwa chini ya turubai kunahitaji toba kwanza, na hapo, kwa mara moja, ninakubaliana na wahubiri kwamba kuna dhambi ya kuungama. Ila iungamwe na waliotenda, wakiwamo wenye mitaji. Isibebeshwe mwanamke anayeanika dagaa mchangani na ambaye hajawahi kumiliki hata kasia.

Najua pingamizi litakalotolewa. Ushuhuda hujenga imani, wataniambia, na ukiwapa nafasi wasiojibiwa utalivunja kanisa moyo. Watu watahamia kwa jirani anayetangaza miujiza. Sehemu ya pili ya pingamizi hili ni ya kweli, na sina dawa yake. Baadhi watahama. Lakini sehemu ya kwanza inachukulia kwamba walioko kwenye mabenchi hawajui kwamba maombi mengine hayajibiwi, kana kwamba ni siri ambayo ushuhuda wa Jumapili unaisitiri. Wanajua. Wamezika, wametalikiwa, wamefukuzwa kazi wakiwa katikati ya mfungo. Kinachovunja moyo ni kuujua ukweli huo na kudhani ni wako peke yako. Na ziko dalili kwamba aina nyingine ya ushuhuda inawezekana: katika jumuiya ndogondogo za Wakatoliki, ambako watu ishirini au thelathini husali nyumbani kwa mmoja wao kwa zamu, haja za mwenye nyumba husikika bila kulazimika kuwa na mwisho mzuri, kwa sababu waliohudhuria wameketi sebuleni mwake na wanaona hali ilivyo.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo, na linaweza kuanza bila kikao cha sinodi wala barua ya askofu. Makanisa mengi yana daftari la maombi ambamo majina na haja huandikwa, husomwa katikati ya juma na kuombewa. Jina la aliyejibiwa hufutwa kwa shangwe. Jina la asiyejibiwa hubaki wiki kadhaa, kisha daftari hujaa, huanzishwa jipya, na jina halihamishwi. Hakuna aliyeamua kuliondoa, limepotea tu, na mwenyewe hugundua siku anapolisubiri lisomwe na halisomwi. Mzee wa kanisa anayelishika daftari hilo anaweza kuamua kwamba kuanzia sasa majina yatahamishwa yote, hata kama orodha itakuwa ndefu na ibada ya Jumatano ikachelewa kwisha. Kila baada ya muda amwite mmoja wa hao asimame mbele, aeleze alichoomba, aseme kwamba hadi leo hajapata, na aseme kama anataka tuendelee kuomba au tukae naye tu. Mchungaji asichukue kipaza sauti baada yake. Isomwe zaburi, ikiwezekana ile ya 88, na isisomwe nyingine ya kuilainisha.